Mama Akienda Kuchuma Chai, Mtoto Abaki na Nani?



Mmetaka nizungumze kwa Kiswahili na sikusita, kwa kuwa Magwagwa yetu, hapa Nyamira, iko mpakani. Ng'ambo ya mto Sondu ni kwa Wakipsigis, na ukiyafuata maji yanakoteremkia unafika kwa Wajaluo. Mtoto ninayemzungumzia leo yuko katika maboma ya pande zote tatu, na jirani anayeweza kumsaidia mama yake huenda asijue hata neno moja la Ekegusii, lugha yetu.

Nianze na saa kumi na mbili asubuhi. Chai haina subira. Majani mawili na chipukizi lake yakichumwa leo hupelekwa kituoni leo, yapimwe kabla lori la kiwanda halijaondoka. Yakilala kikapuni yanapata joto, yanageuka rangi, na karani anayakataa mbele ya watu. Kwa hiyo mama huingia shambani umande ukiwa bado mzito. Sasa mpe mama huyo mtoto wa miaka saba asiyesema, aliyelala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na moja. Mtoto anayekunywa uji katika kikombe cha buluu na si kingine. Kikombe kikipotea, uji wote unaishia sakafuni. Anapenda maji yanayotembea, hata akisikia kijito kwa mbali miguu yake inamtangulia. Huziba masikio na kugonga kichwa ukutani mvua ya alasiri inapoanza kupiga mabati, na mwenyeji wa Nyamira hahitaji kuambiwa mvua hiyo huja mara ngapi.

Mama huyo ana njia tatu. Amwachie dada mtu, ambaye itabidi akose shule. Aende naye shambani, achume kwa mkono mmoja na jicho moja. Au amfunge.

Nimeingia katika nyumba zenye kamba. Upande mmoja umefungwa mguu wa kitanda, upande wa pili kifundo cha mtoto, na hapo kifundoni mama amezungusha kitambaa cha kanga kuukuu ili kamba isimchubue. Kitambaa kile ndicho kilichonizuia kumgombeza. Anayemchukia mtoto hazungushii kamba kitambaa. Najua kumfunga mtoto ni kosa, na najua kwamba nyumba ikishika moto mguu uliofungwa haukimbii. Lakini kamba ile ilifungwa na mtu aliyeuliza "nani atanishikia?" akakosa wa kumwitikia. Sikuja kuwafokea wenye kamba. Nimekuja kuwauliza walio jirani nao.

Kwanza tuelewane kuhusu neno, maana mtoto niliyemweleza ana usonji. Usonji ni namna ubongo unavyojengeka tangu mapema kabisa, kabla mtoto hajazaliwa. Hauambukizi. Hauji kwa sababu mama alifanya kazi mimba ikiwa kubwa. Haukuletwa na chanjo: dai hilo lilitoka Uingereza mwaka 1998 katika makala ya daktari Andrew Wakefield, na jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, ingawa bado nalisikia sokoni kana kwamba limetoka jana. Sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi. Na nikisema urithi, tafadhali tusirudi nyumbani kuanza kuhesabu mashangazi wa upande wa mama peke yao.

Wapo watoto wenye usonji wanaosema maneno mengi, wakakueleza mwendo wa kila matatu ya barabara hii na nambari zake. Wapo wasiosema kabisa. Wengine wana kifafa juu yake, na hao wanahitaji dawa za kifafa kila siku bila kukatiza. Kwa usonji wenyewe hakuna kidonge, na anayewauzia kidonge au mafuta ya kuuondoa anawauzia hewa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengi. Fomu za kupima usonji zilizoandikwa Ulaya na Marekani huuliza mapema: je, mtoto anakutazama machoni? Ni swali zuri, ila kwetu lina mwiba. Mwanaanthropolojia Robert LeVine wa Marekani aliishi kwa Abagusii mara ya kwanza katika miaka ya 1950, kisha akarudi na wenzake kati ya mwaka 1974 na 1976, wakakaa katika maboma wakiandika jinsi mama wa Kigusii anavyomlea mtoto mchanga. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Waliona kwamba mama wa hapa hamwachi mtoto alie. Humbeba, humnyonyesha na humtuliza upesi kuliko mama wa Boston waliyemlinganisha naye. Lakini hazungumzi naye sana, wala hawakodoleani macho. Na mtoto akikua, chinsoni, yale masharti yetu ya haya na heshima, humfundisha kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwa hiyo mtoto asiyetazama watu machoni huku kwetu anaweza kusifiwa kwa adabu hadi afike miaka mitano.

Kipimo chetu ni kingine. Kwetu mtoto hupimwa kwa kutumwa. Ukimtuma chumvi kwa jirani akarudi na chumvi, salamu za jirani, na habari kwamba ng'ombe wake amezaa, unasema huyu ana akili. Ng'ambo ya mto ni vivyo hivyo. Sara Harkness na Charles Super, waliofanya utafiti kwa Wakipsigis wa Kokwet katika miaka ya 1970, waliandika kwamba neno ng'om, yaani mwerevu, wazazi walilitumia kwa mtoto anayeona kazi ya nyumbani na kuifanya bila kusukumwa. Mimi naona kipimo hiki ni kizuri kuliko mengi ya vitabuni, maana ndani ya kutumwa kuna kusikia, kuelewa, kukumbuka na kujua mtu mwingine anataka nini. Kasoro yake ni kuchelewa. Humtumi mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ukingoja mpaka ashindwe kutumwa, miaka mitatu imepita.

Basi tuvute kipimo chetu nyuma. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakuonyesha kitu kwa kidole, si kwa sababu anakitaka tu, bali ili nawe ukione? Ndege amepita, anakugeukia? Ukimwita jina anageuka, au unadhani ni kiziwi hadi asikie karatasi ya biskuti? Alikuwa na maneno mawili matatu, kisha yakatoweka? Maswali haya hata nyanya asiyejua kusoma anaweza kuyajibu, na kwa kawaida nyanya ndiye wa kwanza kuona. Ila nyanya akisema, huambiwa anamtabiria mtoto mabaya.

Sasa lawama. Wazungu hawakutuzidi katika hili. Leo Kanner wa Baltimore alipoandika kuhusu watoto 11 mwaka 1943, yeye mwenyewe aliwataja wazazi wao kuwa baridi, na kwa miaka mingi baada yake akina mama wa Marekani waliambiwa kwamba ubaridi wao ndio uliomfunga mtoto. Bruno Bettelheim alijipatia sifa kubwa kwa kulisema hilo. Aliyeivunja hoja hiyo mwaka 1964 ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji. Miaka miwili kabla yake, mjini London, wazazi walikuwa wameanzisha chama chao wenyewe. Hapa nyumbani lawama hubadilisha nguo tu: amasangia, yaani adhabu ya uzinzi wa mke, laana ya nyanya, jicho la jirani, mkono wa mke mwenza. Joseph Gona na wenzake walipowauliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, huko Kilifi na Mombasa, waliyasikia hayo hayo: mapepo, uchawi, laana, na pembeni yake malaria, matatizo ya uzazi na urithi. Mzazi mmoja huweza kuamini yote kwa siku moja. Asubuhi hospitali, jioni kwa mganga, Sabato kanisani.

Sitamcheka. Ila niseme jambo moja zito, na wazee mnisamehe. Ukiuliza "nani amemfanya mtoto huyu hivi?", swali hilo haliishii nyumbani mwako. Litatafuta mtu, na katika nchi hii yetu ya Gusii huwa linampata mwanamke mzee. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi mtoto mwenye usonji ndiye aliyekuwa sababu. Nasema swali ni lile lile. Nyanya ambaye angetushikia mtoto huyu wakati mama yuko shambani ndiye huyo huyo tunayemnyooshea kidole.

Wenye usonji ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Ukigawa, unapata zaidi kidogo ya 4,700, wakubwa kwa wadogo. Hiyo ni hesabu ya kalamu. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Sensa yenyewe iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, tena kwa walio na umri wa kuanzia miaka mitano, ikahesabu pia wenye ualbino. Usonji haukuwa na kisanduku chake. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akasema amewaona watoto wachache mno wenye usonji. Alikuwa amewatafuta katika taasisi. Angekuja hapa saa nne asubuhi akabisha milango iliyofungwa kwa nje, angerudi na idadi nyingine.

Turudi kwenye swali la mama, nani atamshikia mtoto. Kabla ya chai kutugawanya, kila mtu na kikapu chake na nambari yake ya mkulima, tulikuwa na risaga. Vijana hapa huenda mmelisikia neno tu. Mwenye shamba la wimbi lililozidiwa na magugu aliita majirani. Wakaja kwa majembe, wakapalilia tangu alfajiri, naye akawapikia na kuwapa busaa. Kesho yake zamu ilikwenda kwa mwingine. Hakuna aliyeandika deni, na hakuna aliyelisahau. Ndani ya boma nako palikuwa na omoreri, mtoto mkubwa kidogo, aghalabu msichana wa miaka saba au minane, aliyekabidhiwa mdogo wake mchana kutwa wakati mama yuko konde. LeVine na wenzake walimwandika omoreri kwa urefu, maana kwao Marekani hakuwapo.

Omoreri alikwenda wapi? Alikwenda shule. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure, watoto waliingia darasani kwa wingi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuwarudisha. Lakini hatukuketi chini tukajiuliza nani atashika nafasi yake. Mama wa mtoto wa kawaida aliokolewa na chekechea, maana akifika miaka minne mtoto naye anakwenda. Mama wa mtoto mwenye usonji alibaki na mtoto ambaye chekechea ilimrudisha nyumbani juma la kwanza. Nimewahi kumpeleka mtoto wa jamaa yangu shule moja, sitaji jina wala mji, mwalimu akaniambia kwa upole: "Mleteni akishatulia." Mwaka huo hakutulia, na uliofuata hali ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo hoja yangu ya leo ni ndogo, na wengine mtasikitika kwamba sikuleta kubwa. Familia hizi hazihitaji kwanza huruma yetu, wala semina. Zinahitaji saa mbili. Mtu wa kushika mtoto saa mbili, siku fulani ya juma, saa inayojulikana, bila kuombwa upya kila mara. Risaga ya mtoto.

Najua mnalofikiri. Mama mmoja aliniuliza waziwazi: akiumia mikononi mwangu? Ni swali la haki. Na lipo la kutisha zaidi: mtoto asiyesema hawezi kushtaki, na wapo watu wabaya wanaolijua hilo. Kwa hiyo zamu isifanyike chumbani. Iwe uwanjani, barazani, chini ya mti unaoonekana kutoka barabarani, na washikaji wawe wawili, wasiwe wa nyumba moja. Atakayekasirika kuambiwa hivyo, mshukuruni kwa nia yake njema na msimpe zamu.

Anayeshika zamu hahitaji cheti. Anahitaji karatasi moja iliyoandikwa na mama, au na mtoto wa shule kwa niaba yake: kikombe chake ni kipi, sauti gani inamuumiza, akivuta kanga yako anataka nini, akikimbia huelekea wapi, kifafa kikija umlaze kiubavu na usimtie kitu mdomoni. Nakala moja ikae kwa mhudumu wa afya ya jamii. Serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 nchini mwezi Septemba 2023, na anayepita kwenu anazijua nyumba hizi zote. Nakala nyingine iwe stejini kwa vijana wa bodaboda. Ninyi mko barabarani mchana kutwa. Mtoto akitokea kwenye njia ya mtoni peke yake, mtakuwa wa kwanza kumwona. Mkijua jina lake, mkajua kwamba honi inamtia wazimu lakini wimbo anaoupenda unamsimamisha, mtakuwa mmefanya kazi ambayo hospitali kubwa haiwezi kuifanya.

Wazazi wamekwisha kutuonyesha njia kabla ya serikali. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na kitengo cha watoto hawa katika shule ya msingi ya City, Nairobi, kilitokana na msukumo wao. Mwaka mmoja kabla yake, Addis Ababa, mwanamke mmoja mwenye biashara ya urembo, Zemi Yenus, alifungua kituo cha Joy baada ya kukosa shule ya kumpokea mwanawe. Alikiendesha hadi kifo chake mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoendeshwa na watu wasio mabingwa, na watafiti wa Kilifi na Addis wamekuwa wakiyajaribu katika mazingira yetu. Ninachokipenda humo ni kwamba mzazi haambiwi anunue vitu vya kuchezea vya kizungu. Anafundishwa kutumia kazi ya nyumbani. Mnachambua maharagwe: moja lako, moja langu, ngoja, sasa lako. Mtoto anajifunza kupokezana, na maharagwe yanachambuliwa.

Ya serikali nitayapitia haraka. Vituo vya kuwapima watoto kwa ajili ya elimu vipo tangu mwaka 1984, na mtaala wa sasa una njia ya mtoto anayepanda kwa hatua zake badala ya umri wake. Mwalimu akikwambia hakuna, mwambie ipo. Jiandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ruzuku ya Inua Jamii kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haifiki shilingi 70 kwa siku, ila ichukueni. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha. Majina tunayowaita watoto hawa njiani nayajua, nanyi mnayajua. Sitayarudia humu.

Kwa wachungaji nina ombi dogo kuliko mnavyodhani. Mtoto akipiga kelele wakati wa mahubiri, shemasi husimama, humwashiria mama kwa kidole, mama hutoka akiwa ameinamisha kichwa, na Sabato inayofuata hamwoni. Baada ya mwezi mnasema amerudi nyuma. Hakurudi nyuma, mlimtoa ninyi. Elekezeni kipaza sauti kimoja mbali na mlango, wekeni benchi nje chini ya mti ambako neno linasikika bila kuumiza masikio, na akina mama wawili wa kikundi cha Dorkas wakae naye pale. Wasimwombee kwa sauti kubwa. Wakae naye.

Akina baba, wengi wenu mko Kericho, wengine Nairobi, na wengine mpo hapa hapa ila hamuonekani. Mtoto huyu hakuzaliwa na mama peke yake. Hilo nimelisema mara moja, nalo litatosha.

Maswali nitayapokea, lakini mimi nitakayeyajibu nataka kwanza nijibiwe langu. Pale mezani kando ya mlango kuna karatasi yenye mistari, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee kama kalamu za kanisa zipoteavyo. Ni ya nyumba moja tu, ya mama aliyenikubalia jana jioni, naye ameketi kati yenu. Zamu ya Jumatatu, saa kumi na mbili hadi saa mbili, nimeandika jina langu na la shemeji yangu. Ya saa mbili hadi saa nne haina mtu.